Usimwambie Mama

Chiriku aliacha kuongea. Hilo ndilo lililomshtua mama yake, fundi cherehani, kwa sababu mtoto yule wa miaka kumi na miwili hakupewa jina la utani bure. Akitoka shule husimulia mpaka mwalimu alivyopiga chafya. Sasa alipita sebuleni kama mgeni, akajifungia chumbani na simu.

"Ana rafiki mpya," mdogo wa fundi alimtuliza dada yake. "Msichana mwenzake, wamejuana mtandaoni. Ndio ukubwa huo, dada."

Fundi akarudi kwenye mshono. Lakini mchana ule chumbani kwa mtoto kulianza kunuka nywele zilizoungua.

Alisogea mlangoni, akatega sikio. Ndani mlikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ya binti yake, imefifia. Ya pili ilikuwa ya kitoto pia, ila ilichoka njiani. Ilishuka, ikawa nzito, ikakohoa, kisha ikapanda tena kuwa ya kitoto.

"Tuma nyingine. Na usimwambie mama."

Fundi alisukuma mlango. Chiriku alikuwa amejikunyata kitandani, na simu ilikuwa sakafuni, imezimika kwa kukosa chaji, lakini sauti ile ilizidi kutoka ndani yake, ikimwita mtoto mpenzi, ikizitaja picha alizotuma moja baada ya nyingine, ikisema Jumamosi atoke kwa mlango wa nyuma peke yake, la sivyo shule nzima itaziona.

"Mama, usinipige," mtoto alinong'ona.

"Sikupigi, mwanangu. Njoo." Alimkumbatia.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mwenye mafua na haraka zake. Hakuchoma chochote. Aliinamia simu, akasikiliza, akajifuta pua.

"Majini mengine hukaa kichwani kwa mtu. Hili kiti chake ni siri. Hata nikilisomea mwaka mzima halitoki, mpaka mtoto aseme yote, na asigombezwe hata kidogo. Utaweza, mama?"

"Nitaweza."

Chiriku akaanza, neno moja, kimya, neno jingine, na kila aliposema harufu ilizidi na kuta zikatoa jasho, na sauti ikambembeleza kwa lugha ya kitoto, kisha ikaiga sauti ya mama yake ikimwita malaya mdogo, nyamaza, umetuaibisha, hata mtoto akageuka kumtazama fundi usoni ahakikishe kama midomo yake imesogea, na fundi akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka, akimshika mikono, "Si mimi, sema, mwanangu, sema," mpaka mtoto akalitoa la mwisho, lile alilolionea haya kuliko yote.

Kioo cha simu kikapasuka. Sauti ikakatika.

Mganga alishusha pumzi. "Limetoka. Picha na namba ya huyo anayejiita rafiki pelekeni polisi leo leo. Majini nayo yana watu yanaowatumia."

Chiriku hakusogea. "Mama," alisema, "nyuma ya ile sauti nilikuwa nasikia watoto wengine. Walikuwa wanalia. Mmoja namjua. Ni wa jirani."

Fundi hakutafuta viatu. Alivuka ua akikimbia, akaugonga mlango wa jirani kwa viganja vyote viwili.