Bomba la Pili la Chumba cha Mummo

Asubuhi za baridi, Saima Kangas alikuwa akiamka kabla hajaitwa, akabaki kitandani kuisikiliza nyumba ikiamka. Kwanza boila, tangi la kuchemsha maji lililoko chini ya nyumba, ilikohoa, kama mzee anayetafuta miwani yake. Kisha mvuke ukaanza kupanda polepole, ukapita ndani ya kuta, mpaka rejeta ya chuma ya kupasha chumba joto, iliyosimama chini ya dirisha, ikaanza kunong'ona. Nje theluji ilikuwa ikianguka juu ya mji mdogo wa Hancock bila sauti yoyote. Saima, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamini kwamba mvuke ule ni msafiri, na kwamba kila chumba unamopita unasimulia habari za kule ulikotoka.

"Saima, unaota tena," Mummo aliita kutoka jikoni. Mummo ndivyo Wafini wanavyomwita bibi. "Uji unaganda huku, na mimi naganda nao."

Hilo la kuganda halikuwa mzaha mtupu. Familia ilihamia katika nyumba hii mwishoni mwa kiangazi. Ilikuwa nyumba kuukuu iliyojengwa zamani za machimbo ya shaba, na vyumba vyake vyote vilipata joto isipokuwa cha Mummo. Koki ya rejeta yake, ile inayopitisha mvuke, ilikuwa imezeeka, inavuja, haifunguki wala haifungiki. Mummo alilala na sweta mbili na kofia ya sufu.

Shangazi Irja aliyesikia habari hizo huko mjini Green Bay akapiga simu. "Jumapili nakuja," alisema. "Nikikuta chumba cha mama bado ni friji, naondoka naye."

Mummo hakutaka kuondoka. Kanisa lake lilikuwa hapa, rafiki zake wa kunywa nao kahawa walikuwa hapa, na Saima alikuwa hapa. Saima naye alipojaribu kuifikiria nyumba bila Mummo, alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Alhamisi jioni simu ililia. Alikuwa baba yake, Reino, anayeendesha lori la kusukuma theluji barabarani. Mama yake alikuwa zamu hospitalini.

"Mwanangu, niko kwenye duka la mabomba la Bi Trevarrow, nanunua koki mpya, lori linaunguruma nje. Anauliza rejeta ya Mummo ina mabomba mangapi. Moja au mawili? Nenda kaangalie upesi."

Saima akaenda chumbani kwa Mummo, simu mkononi. Rejeta ilikuwa imefunikwa na sanduku la mbao, na juu ya sanduku Mummo alikuwa ameweka bakuli la unga wa mkate wa iliki uumuke, maana hata uvuguvugu ule kidogo ulitosha kuumusha unga. Kuangalia mabomba kulitaka kuondoa bakuli, kuondoa soksi zilizoanikwa, kisha kuliinua sanduku zito. Saima akaweka sikio lake kwenye mbao. Ndani, mvuke ulikuwa ukinong'ona kwa uchovu, harufu ya iliki ikamzunguka, na kwa kitambo akasahau kabisa alichotumwa. Akaona msafiri wake amekaa chini ya ngazi, anafunga kamba za viatu, hana haraka.

"Saima? Umelala huko?" simu iliuliza.

Nyumbani kwa rafiki yake Beatrice, kila rejeta ilikuwa na mabomba mawili. Hilo alikuwa ameliona kwa macho yake.

"Mawili, baba," akasema.

Jumamosi asubuhi baba alizima boila, akangoja ipoe, akaondoa soksi na sanduku. Akapiga magoti huku akiusemesha mgongo wake kama mtu anayembembeleza punda. Pembeni yake kulikuwa na koki mpya nzuri, yenye kichwa cheupe cha kuzungusha. Koki hiyo ilipima joto la chumba yenyewe: chumba kikipata joto inajibana, kikipoa inajifungua.

Baba akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mbona naona bomba moja? La pili liko wapi?"

Saima aliyekuwa mlangoni akahisi masikio yake yanawaka. Pale pale angeweza kusema. Lakini mdomo wake ukatangulia.

"Liko ndani ya ukuta, baba. Kwa nyuma."

"Aa. Hawa wazee walipenda kuficha vitu," baba alisema. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Akachukua spana, akaing'oa koki kuukuu, akafunga mpya.

Boila ilipowashwa, mvuke ukapanda. Saima akaomba kimya kimya mambo yaende sawa. Kwa muda rejeta ilivuma vizuri, hata Mummo akavua kofia. Kisha ikapiga kishindo, kama mtu amegonga bomba kwa nyundo. Ikapiga tena na tena, mfululizo. Kitundu kidogo cha ubavuni mwa rejeta, ambacho kazi yake ni kutoa hewa tu, kikatema maji machafu mpaka kwenye soksi za baba. Halafu rejeta ikanyamaza, na ilipoguswa ilikuwa baridi.

Baba akakaa sakafuni na soksi zake zimelowa. "Nyumba hii inanichukia," akasema. "Labda Irja amesema kweli."

Mummo akavaa kofia yake tena. Alitoa sanduku lake la safari chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Alikunja gauni lake la kanisani taratibu sana, akalilainisha kwa kiganja kana kwamba lina usingizi.

Saima akatazama mikono ile. Alitamani awe anaota, aamke, asikie boila ikikohoa na iwe Alhamisi tena. Lakini mikono iliendelea kukunja.

"Mummo, usikunje," akasema. "Baba, sikuangalia."

"Hukuangalia nini?"

"Mabomba. Siku ile kwenye simu. Sikuinua sanduku. Nilisema mawili kwa sababu ya kwa kina Beatrice. Na hakuna kitu ukutani. Hilo nalo nimelitunga."

Baba akakamua soksi yake moja.

"Mara mbili, Saima."

"Ndiyo, baba."

"Vaa koti. Tunakwenda kwa Bi Trevarrow, na utaeleza wewe mwenyewe."

Bi Trevarrow alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, na dukani kwake hakuna aliyetoka bila kutaniwa. Alimsikiliza Saima mpaka mwisho, akageukia ile koki mpya ambayo baba alikuwa ameifungua na kuja nayo.

"Koki yenyewe haina kosa. Imepelekwa kwenye nyumba isiyo yake tu," akasema. "Sikiliza, binti. Kwenye mabomba mawili, mvuke unaingia huku, maji yanatokea kule. Nyinyi mna moja. Mvuke ukishapoa unageuka maji, na maji hayo yanarudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Sasa fikiria kanisa lenye mlango mmoja, wa kuingia na wa kutoka, halafu mtu anaufunga nusu."

"Watu watagongana," Saima alisema.

"Na ndizo kelele mlizosikia. Kwa hiyo hapo chini mnahitaji koki ya kawaida, iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, basi. Ya kupima joto yenyewe ipo ya aina nyingine, inakaa upande wa pili, pale rejeta inapotolea pumzi. Hewa isipotoka, mvuke hauingii. Unaupima kwa pumzi, si kwa mlango." Akamgeukia baba. "Na wewe, Reino, jitu zima, uliona bomba moja kwa macho yako ukaamini hadithi?"

"Nilikuwa na usingizi," baba alisema.

"Na spana yako nayo ilikuwa na usingizi?"

Baba akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Bi Trevarrow akachukua koki ile, akawapa badala yake zile mbili alizozitaja.

Safari hii Saima ndiye aliyeshika taa. Alipiga magoti kando ya baba, akaangalia kila kitu kabla ya kusema kipo. Jioni mvuke ulipanda tena. Hewa ilitoka ubavuni kwa mluzi mwembamba, ikakoma, na chuma kikapata joto kutoka mwanzo hadi mwisho wa rejeta bila kishindo hata kimoja. Dirisha likafanya ukungu. Mummo akavua sweta moja, akavuta kiti karibu, akasinzia huku akitabasamu.

Jumapili shangazi Irja aliingia na koti lake zito, akaenda moja kwa moja chumbani, akakaa kitandani akiwa amekunja uso. Haukupita muda akafungua vifungo. Akavua koti, kisha skafu.

"Mama, unataka kunipika?" akauliza.

"Kama umekuja kunichukua, utanikuta nimeiva," Mummo alijibu.

Shangazi alikunywa kahawa, akalala usingizi wa mchana hapo hapo kwenye kitanda cha Mummo, na jioni akarudi Green Bay peke yake.

Gari lilipopotea kwenye theluji, Mummo akamvuta Saima, wakakaa pamoja karibu na joto.

"Sikukatazi kuota," akasema. "Mimi mwenyewe nimeota maisha yangu yote, na ndoto hazijavunja rejeta ya mtu. Lakini mtu akikuuliza kitu, anataka kusimama juu ya jibu lako. Baba yako alisimama juu ya 'mawili', akaanguka, na mimi karibu nianguke naye. Kama hujaangalia, sema hujaangalia. Hakuna aibu hapo. Watu watakungoja ukaangalie."