Karatasi ya Siku Saba

Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Mojirade alikuwa ameshaamka. Aliosha kunde, akazitoa maganda, akazisaga na pilipili na vitunguu. Jua lilipochomoza, karai lilikuwa motoni barazani na watu wamepanga foleni. Pale Bariga, jijini Lagos, wauza bajia ni wengi. Lakini bajia zenyewe hasa zilikuwa za Mojirade. Wengine walikuwa wanaunguza mafuta tu.

Watu walimwita Mama Ireti, kwa jina la binti yake. Miaka tisa alikuwa amepanga chumba cha chini katika nyumba ya Mzee Gbadebo. Aliishi na mumewe Sunkanmi, fundi wa matairi, na Ireti, aliyekuwa kidato cha mwisho. Mzee Gbadebo mwenyewe aliishi ghorofani. Kodi walilipa ya mwaka mzima kila Oktoba, wakapewa risiti. Hawakuchelewa hata mara moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Mzee Gbadebo alishuka ngazi polepole, ameshika ukuta. Siku hiyo hakununua bajia. Alitoa karatasi mfukoni.

Mojirade alipiga goti. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Shika hii. Nakitaka chumba changu. Siku saba."

"Siku saba za nini, Baba?"

"Za kuhama."

"Kuhama! Na kodi ya mwaka nimeshalipa! Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Chumba ni changu, nakitaka." Akageuka, akapanda ngazi kwa shida.

Mojirade alibaki na karatasi mkononi. Bajia zikaungua. Kwa miaka tisa zilikuwa hazijawahi kuungua.

Jioni alimwonyesha mumewe. Sunkanmi alikaa kitandani, akashika kichwa.

"Nyumba si yetu," alisema. "Mwenye chake akikitaka, unampa. Tufungashe, twende kwa kaka yangu Abeokuta."

"Na mtihani wa Ireti? Ni miezi miwili tu imebaki."

"Sasa utafanyaje, Mama Ireti? Siku saba ni siku saba. Lagos nzima wanaijua karatasi hiyo."

Ireti alikuwa na kitabu magotini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mojirade aliyaona, na moyo ukamuuma.

"Mimi sifukuzwi kama kuku jikoni," alisema. "Kama kuna sheria, nitaitafuta. Kama haipo, basi nitaambiwa haipo."

Kesho yake Anti Bosede alikuja kununua bajia, kama kawaida. Alikuwa karani wa mahakama. Alikuwa na mdomo mkali, na moyo mwema.

"Mama Ireti, leo umetia chumvi ya ukoo mzima! Una nini?"

Mojirade akampa ile karatasi. Anti Bosede akaisoma mara moja, akaigeuza nyuma, kisha akacheka.

"Hii ni karatasi ya pili. Ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza ipi? Nimepewa hiyo tu."

"Ndilo kosa lao wenye nyumba wa mji huu! Karatasi hii inauzwa kila duka la vifaa vya shule. Basi mtu anainunua, anajaza jina, anadhani kazi imekwisha. Sikiliza. Kodi unalipa kwa mwezi au kwa mwaka?"

"Kwa mwaka. Lakini hatukuandikiana mkataba."

"Hata mkataba wa mdomo ni mkataba. Risiti unazo?"

"Zote tisa. Ziko kwenye kopo la maziwa."

"Safi! Mpangaji wa mwaka, kama hamkupatana vinginevyo, anapewa kwanza notisi ya miezi sita, kwa maandishi. Miezi sita ikiisha na hajatoka, ndipo inakuja hii ya siku saba. Na hata hii haisemi uhame. Inasema mwenye nyumba anakwenda mahakamani. Huko hakimu anawasikiliza wote wawili. Anayekutoa ni ofisa wa mahakama, mwenye amri ya hakimu mkononi. Mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kukutoa."

Mojirade alishusha pumzi. "Kumbe nakaa hapa daima?"

"Wee! Nani kakuambia? Nyumba ni yake. Akifuata njia, utahama. Na kodi utaendelea kulipa. Sheria inakupa muda, haikupi nyumba."

Mchana ule Mojirade alipanda ngazi na kopo lake la risiti. Alimweleza Mzee Gbadebo yote, taratibu, kwa heshima. Mzee alikasirika.

"Muuza bajia ananifundisha sheria! Siku ya nane utaona!"

Sunkanmi aliposikia, alianza kufunga mabegi. Mojirade aliyafungua. Mume akafunga tena, mke akafungua tena. Mwishowe Sunkanmi alichoka, akayaacha.

Siku ya nane ikafika. Mzee Gbadebo alishuka na seremala mwenye bisibisi na nyundo. Alikuwa anafuata desturi ya wenye nyumba wenzake: mpangaji akikataa kuhama, ng'oa mlango. Nani atalala chumba kisicho na mlango?

"Ng'oa!" Mzee aliamuru.

Mojirade aliacha karai. Alichukua kigoda chake cha kukaangia, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Akabana mikono magotini.

"Baba, nakuheshimu," alisema. "Lakini mlango huu hautoki bila amri ya hakimu."

"Mama, nipishe, nina kazi nyingine mtaa wa Shomolu," seremala alisema, akaanza kulegeza bawaba ya juu.

Ndipo Anti Bosede akatoka kwenye foleni, bajia ingali mdomoni.

"Fundi, jina lako nani? Niandikie vizuri. Kumng'olea mpangaji mlango ili ahame ni kosa la jinai. Faini au jela. Aliyekutuma na wewe uliyeshika bisibisi, nyote mtasimama kizimbani."

Seremala alimtazama Mzee. "Baba, hukuniambia kuna jela! Mimi nimekuja kung'oa mlango, sikuja kufungwa." Alikaza ile bawaba upesi, tena akaikaza kuliko ilivyokuwa. Kisha akaondoka, na foleni nzima ikamcheka.

Mzee Gbadebo alibaki peke yake. Akataka kupanda ngazi, akashindwa. Aliketi kwenye ngazi ya kwanza na kusugua magoti.

Mojirade akamwendea. "Baba, una nini?"

Mzee alizitazama ngazi. "Magoti, binti yangu. Daktari amesema nisipande ngazi tena. Hicho chumba cha chini nakitaka mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme mbele ya wapangaji wangu kwamba nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu imenishinda kupanda?"

Mojirade aliona uchungu. Hasira yote ikamtoka. Lakini hakusahau mtihani wa Ireti.

"Pole sana, Baba," alisema. "Chumba utakipata. Tufuate njia tu."

"Twendeni ofisi ya usuluhishi ya serikali," Anti Bosede akasema. "Hawatozi kitu. Kugombana mahakamani si lazima, mkiweza kupatana."

Wiki iliyofuata walikwenda wote. Msuluhishi aliwasikiliza mmoja mmoja. Kisha yakaandikwa na kutiwa saini: notisi ya miezi sita kamili. Mojirade ataendelea kuuza barazani hadi siku ya mwisho. Hakuna atakayegusa mlango. Na miezi sita ikiisha, Mojirade atahama bila kuburuzana.

Kwa miezi ile sita, Ireti ndiye aliyempelekea Mzee uji na bajia ghorofani kila asubuhi, ili asishuke. Alifanya mtihani wake akitoka nyumbani kwao, amelala vizuri, ameshiba. Alifaulu.

Nao Mojirade na Sunkanmi walitafuta chumba bila pupa. Walikipata ng'ambo ya barabara. Safari hii Mojirade hakutoa hela kabla ya kuandikiana mkataba. Mwenye nyumba mpya aliguna. Mojirade alimwambia, "Guna, Baba, lakini andika."

Siku ya mwisho alifagia chumba, akafuta kuta, akafunga mlango. Alimkabidhi Mzee Gbadebo ufunguo kwa mikono miwili, amepiga goti.

"Umetoka kwa heshima," Mzee alisema.

"Nimetoka mlangoni, Baba. Na mlango upo."

Wote wawili wakacheka.

Sasa karai liko ng'ambo, na foleni imevuka nalo. Asubuhi moja Mzee Gbadebo alivuka barabara kwa mkongojo, pamoja na rafiki yake, mwenye nyumba mwenziwe. Rafiki alikuwa na karatasi mpya, ametoka kuinunua dukani.

"Mwonyeshe huyu," Mzee alimwambia. "Mweleze mpangaji wako analipaje, kisha msikilize."

Mojirade alijifuta mafuta mikononi. Akaisoma karatasi mara moja, akaigeuza nyuma.

"Baba," alisema, "hii ni ya pili. Ya kwanza iko wapi?"