Kibati cha Tegwyn

Giza lilikuwa likiingia kwenye handaki kule Flandasi, katika vita na Wajerumani. Idwal Pritchard alikaa juu ya gunia la mchanga, kopo tupu la biskuti mapajani. Goti lake lilikuwa limevimba, kwa hiyo jioni ile hakuvuka na wenzake kwenda kwa adui. Kazi yake ilikuwa kupokea vibati na kumrudishia kila mtu chake akirejea. Askari anayekwenda kuvamia handaki la Wajerumani huacha nyuma kila kinachomtaja, barua, beji na kibati cha jina cha shingoni, kisha hujipaka masizi usoni na kushika rungu lake la misumari.

Mdogo wake, Tegwyn, alikuwa wa mwisho.

"Mama akiniona na masizi haya ananitoa na ufagio," alinong'ona.

"Nisipokurudisha nyumbani, ufagio huo ni wangu. Rudi, umesikia?"

"Nitarudi, kaka. Kitunguu."

Hilo ndilo lililokuwa neno la siri. Kabla ya kupanda ngazi, Tegwyn alimwamkia Mzee wa Koti, kama walivyozoea wote. Huyo alikuwa maiti aliyenasa kwenye seng'enge tangu majira ya baridi, koti zito mwilini, hana kibati, hajulikani ni wa jeshi gani.

"Shikamoo, mzee. Shida yako jina tu. Ukilipata utazikwa kama watu."

Wenzake walicheka chinichini. Idwal hakupenda mzaha ule.

Sajini Beddoes alimwinamia sikioni. "Vibati vikiisha koponi, wote wamo ndani. Atakayekuja baada ya hapo si wetu. Mpige risasi."

Mabomu yakalia ng'ambo. Mtu akalia kwa Kijerumani akimwita mama yake, kilio kisichohitaji mkalimani. Kisha wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Kitunguu. Jina. Kibati. Kopo likabaki na kimoja, na Idwal akawa roho juu.

"Kitunguu..."

"Nani?"

"Tegwyn."

Sauti ilikwaruza kama ya mwenye mafua. Uso mweusi tii. Harufu ya udongo mbichi... Idwal aliushika mkono ule, na ulikuwa wa baridi mno, lakini furaha ilikuwa imemjaa, machozi yakimtoka.

"Umeganda, mdogo wangu. Nenda kanywe ramu."

Akampa kibati. Mtu yule akapita, pindo la koti likiburuta topeni.

Kopo likawa tupu.

Muda si mrefu, kitu kikatambaa nje. Krrr... krrr...

"Neno la siri?"

Mkoromo tu.

Idwal akafyatua.

Sajini akaja akiuliza, "Tegwyn yuko wapi? Ramu yake bado ipo."

Hapo ndipo Idwal alipokumbuka koti. Wavamizi hawavai makoti, yananasa kwenye seng'enge.

Walimvuta ndani yule aliyetambaa. Shingo yake ilikuwa imechanwa huko ng'ambo, asingeweza kutamka lolote. Risasi ya Idwal ilikuwa kifuani. Idwal alimfuta masizi kwa mate na kiganja, polepole, kama alivyomfuta uji alipokuwa mdogo, na alilia hadi sajini akageukia pembeni.

Kulipokucha, seng'enge ilikuwa tupu. Nyuma ya handaki, wazikaji walisema wamekuta maiti mwenye koti kalala kando ya kaburi lililochimbwa, kibati shingoni. Wamemzika. Jina la Tegwyn lilikuwa limeshaandikwa msalabani.

Idwal aliwasihi wafukue. Padri alikataa. Jina moja haliwezi kuwekwa kwenye misalaba miwili, na jeshi huamini kibati, si kilio cha ndugu. Tegwyn akalazwa pembeni chini ya msalaba mtupu.

Jioni iliyofuata Idwal alikuwa tena lindoni. Ukungu ulikuwa mzito. Pale alipokuwa akining'inia Mzee wa Koti, palikuwa na mtu amesimama.

"Kitunguu..."

Idwal hakuinua bunduki.

"Kaka. Kibati changu."

Idwal akavua chake shingoni, akanyoosha mkono ukunguni.