Mfereji wa Kifyonzahewa

Kifyonzahewa cha Ndalami kilikuwa mnara wenye urefu wa ghorofa sitini, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuosha hewa. Kilivuta moshi wa viwanda vya saruji, kikaupitisha kwenye manyunyu ya piperazini, na kemikali hiyo ikainasa hewa ya ukaa. Juu ilitoka hewa safi. Chini, mferejini, kilitoka kimiminika kilichochoka, chenye rangi ya chai.

Mhandisi Nyamizi Lugendo ndiye aliyekisimamia, naye alikiamini kupita kiasi. Siku ya uzinduzi, wanakijiji walipohofia sumu, alijimiminia piperazini mpya kidogo kikombeni akanywa mbele yao. Akawaambia hiyo ni dawa ya minyoo ile ile waliyonyweshwa bibi zao. Watu wakapiga makofi. Alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo linalouma zaidi.

Maana piperazini ikishakutana na moshi, si ile tena. Gesi za nitrojeni huigeuza kuwa sumu inayokula ini polepole. Nyamizi alilijua hilo tangu chuoni. Hakulisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na hakudhani kuna mtu angeufikiria mfereji.

Miaka minne baadaye, tabibu-roboti alipita shuleni akawapima watoto wote. Arobaini na mmoja walikuwa na maini yaliyoharibika, na tiba hakuna. Nyamizi alipoletewa majina, aliyasoma yote. Kisha akaenda mpaka nyumba ya kwanza kwenye orodha, kwa Mama Kulwa, mfuga mbuzi mwenye watoto pacha.

Mama Kulwa alimkaribisha kwa furaha, akamwekea kigoda. Alimweleza kwamba tangu minara ianze kumaliza piperazini yote nchini, zahanati haikuwa na dawa ya minyoo. Kwa hiyo wao huchota mferejini, huchuja kwa kanga, na kuwapa watoto kijiko kimoja kila Jumamosi.

"Tunakuombea sana, mwanangu," alisema. "Ila huyu Doto ni mkaidi, kila mara anatema. Leo nimemfungia chumbani mpaka anywe."

"Mfungulie, mama."

"Minyoo itamla."

"Mfungulie. Asinywe tena. Ile ya mferejini ni sumu."



"Mbona wewe ulikunywa?"

Nyamizi alitaka kumweleza kuhusu moshi na nitrojeni.

"Na Kulwa je?" mama akauliza, sauti sasa imeshuka.

Kulwa alikuwa uani na mbuzi. Aliposikia akitajwa, alikuja mbio, akasimama mbele ya mgeni, akaachama na kuinua ulimi, kumwonyesha kwamba yeye alimeza yote.