Sola Juu ya Gari la Maiti

Honi ya gari la maiti ililia mchana kweupe, mara moja, kwa kifupi, kama mtu anayesafisha koo mezani. Ndani ya gari hapakuwa na mtu.

Dereva wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa sababu abiria wake hawakuwahi kumhimiza, alifungua boneti akakagua nyaya. Hakuona kasoro. Gari lilikuwa la chama cha mazishi, nalo lilikaa uani mwake wiki nyingi bila kazi, mpaka betri inakufa. Siku moja waombolezaji walilisukuma gari, jeneza likiwa ndani na mjane akitembea nyuma, na mhuni mmoja akasema marehemu ashuke asaidie. Kwa aibu hiyo Taratibu alifunga paneli ya sola juu ya paa ili betri isiishiwe chaji. Kila asubuhi aliifuta vumbi kwa matambara ya nguo kuukuu walizompa majirani.

Jioni ya siku ile, fundi cherehani wa jirani alianguka akafa. Gari liliwaka kwa mkupuo mmoja, watu wakamsifu Taratibu. Baadaye honi ikalia tena, akafa muuza maziwa. Kabla ya kifo hicho gari lilinuka nguo inayoungua chini ya pasi, na ndani ya harufu hiyo, maziwa.

Honi ilipolia safari nyingine, gari lilinuka mafuta ya nywele ya binti yake. Taratibu alikimbilia ndani ya nyumba akamkuta mtoto amelala sakafuni, macho wazi, mwili unachoma, na mama yake amemshika miguu kana kwamba kuna mtu upande wa pili anayemvuta.

Aliitwa bibi mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mpole asiyedai kitu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi.

“Baba, leo umeifutia nini hii sola?”

Taratibu alisema ni gauni la binti yake lililokuwa limembana. Na zile siku nyingine? Akakumbuka aproni ya fundi. Akakumbuka shati la muuza maziwa.

“Jini huyu alikuwa amelala humu,” bibi alinong’ona. “Betri ikifa, naye hoi. Sasa mnamlisha jua, na wewe unamkabidhi watu kwa nguo zao.”

“Nikiing’oa?”

“Ameshashiba. Nitamtoa jua likizama, akiwa hana pa kuchota nguvu. Shida ni mtoto. Hashiki wawili, anamshika wa mwisho uliyemkabidhi. Sijui kama tutafika naye jioni, mwanangu.”

Alisema hivyo kwa huruma tu, hakuwa akimfundisha lolote. Kisha akavua mtandio, akauweka kwenye kiti cha mbele, akaenda kunawa kwenye bomba nyuma ya nyumba.

Taratibu alifungua kifungo cha kwanza cha shati lake mwenyewe. Alikuwa na nia, tusimnyime hilo. Alifungua cha pili, akamsikia mkewe akiita kwa sauti ya chini, “Baba watoto, anapoa huyu, anatutoka,” akawaza nani atawalisha hawa kesho, akawaza kaburi, aliloliona mara nyingi kwa ukaribu kuliko watu wengine, udongo wake, ubaridi wake, akawaza kwamba bibi ameshakula chumvi nyingi, na wakati bado anawaza mkono wake ulikuwa umeshapita dirishani, umeshauchukua mtandio, umeshafika juu ya paa.

Akafuta pembe zote, vizuri, kama kawaida yake.

Honi ikalia.

Nyuma ya nyumba maji ya bomba yaliendelea kumwagika, yakamwagika sana, na hakuna aliyeyafunga. Ndani, binti yake aliomba uji.

Kesho yake gari liliwaka kwa mkupuo mmoja. Taratibu alimpeleka bibi polepole, na makaburini wafiwa walimshukuru kwa heshima aliyompa mama yao.

Aliporudi aling’oa sola akaitupa chooni. Honi ikalia vilevile, kwa kifupi. Akatazama juu: jua lilikuwa linapiga paa tupu la gari, na vumbi la barabara ya makaburini lilikuwa limetanda kila mahali, isipokuwa pale paneli ilipokuwa, palipong’aa kama sahani iliyolambwa.

Mkewe akatoka mlangoni na mfuko wa matambara ya majirani.

“Baba watoto, nikupe lipi?”