Nilimfundisha Dada Kiingereza cha Kinyumenyume

"Wiki tatu nzima—"

"Dada, nisikilize kwan—"

"—wiki tatu unanilisha upuuzi, na mimi nakushukuru?"

Bado ana sare ya unesi. Ametoka kwenye usaili wa kazi ya ng'ambo, hata viatu hajavua.

Jamani, mnaonijua mnajua siwezi kukaa bila kumfanyia mtu vituko. Dada aliniomba nimnoe Kiingereza, maana mimi ndiye msomi wa nyumba hii. Nikamwambia kwa uso mkavu: mbele ya wakubwa, kitendo kinatangulia. Yale ya "to", yale ya "-ing", yote yanakaa mwanzo wa sentensi.

Akawa anapiga pasi huku anakariri: "To help patients I want. Working at night I like."

Mimi chumbani nauma mto nisicheke.

Nilipanga kumwambia ukweli siku moja kabla. Nikapitiwa...

"Wamekufelisha?" nikauliza.

Ndipo akavua kiatu kimoja.

"Bora wangenifelisha. Tuliingia manesi saba. Wote tumejibu vilevile, neno kwa neno."

"Saba? Kivipi?"

"Wodini kwetu kila kitu kinaandikwa kwenye daftari la kupokezana zamu. Humo ndimo nilimokuwa naandika masomo yako. Wenzangu wakayakariri."

Nikakaa chini bila kutafuta kiti.

"Wasaili wanasema tumeiba majibu. Kesho wanaamua kama watufungie wote kazi za ng'ambo, moja kwa moja."

Mama alikuwa palepale sebuleni, anakunja nguo. Akaacha.

"Nitaenda niseme ni mimi," nikasema. "Nitaapa."

"Nimeshawaambia." Sasa sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nimewaambia ametufundisha mdogo wangu, ana digrii ya Kiingereza. Wamekubali kutusikiliza. Ila wanataka uthibitisho."

Ndugu zangu, kabla hujamfanyia mtu utani, angalia kwanza kama hujakalia uongo mwingine. Wangu una miaka minne. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hapa nyumbani hakuna anayejua.

Mama akaweka nguo pembeni, akanitazama kwa fahari kabisa.

"Basi yameisha hayo. Mwanangu, kalete cheti chako. Na mimi nikione leo, maana tangu umalize hujawahi kunionyesha."