Shimo Ndani ya Boksi la Simu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ninalisema mapema kabla hajanisemea mtu mwingine, maana mtaani kwetu wapo wenye hamu hiyo. Ukisimuliwa na Seremala, jirani yetu aliyeyaona yote, atakutilia chumvi. Mimi nitakupa bila chumvi. Inauma vya kutosha.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kwetu huamshwa na cherehani. Mama ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndiyo karakana yake: meza ya kukatia, pasi, kikapu cha vipande, na cherehani chini ya dirisha ili apate mwanga. Kazi yangu ni kuokota pini sakafuni kwa sumaku na kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizokwisha. Mjomba, mdogo wake Mama, hupitia kwetu kunywa chai kabla ya kwenda kufungua saluni yake ya kunyolea.

Mimi na Mjomba ni watani. Yeye huniita Mheshimiwa, eti kwa kuwa nina tumbo la mbunge na mfuko wa mwanafunzi. Mimi humwambia kwamba kinyozi mwenye upara ni sawa na fundi viatu anayetembea peku. Lakini utani wake mkubwa ulikuwa mmoja: kitu kipya kikiingia nyumbani, lazima afiche kipande chake. Viatu vyangu vya shule vilipoletwa, kimoja nilikikuta ndani ya sufuria, kimefunikwa vizuri kama kinachemka. Saa ya ukutani ilipoletwa, betri zake tulizitafuta hadi uvunguni, kumbe zimo kwenye mfuko wa shati nililovaa. Mjomba hutuacha tuhangaike, anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anatuonyesha.

Asubuhi hiyo Mama alimtuma Mjomba akamchukulie simu mpya dukani, mlango wa tatu kutoka saluni. Simu ya zamani ilikuwa imekufa nusu ya kioo. Ili usome ujumbe ilibidi uiinamishe kama mtu anayechungulia kisima. Na siku hiyo Mama hakutaka mchezo na simu. Kiongozi wa kwaya moja kubwa alikuwa amesema atapiga mchana kumwambia kama kazi ya kushona majoho ya kwaya nzima ni yake. Alikuwa amesema wazi kwamba asipompata hewani atampa fundi mwingine, kwa sababu vitambaa viko tayari na hana muda wa kumtafuta mtu. Kazi ile ingetulisha muhula mzima.

Mjomba aliileta simu ndani ya boksi lake. Muuza simu alikuwa amekwisha kulifungua ili aweke laini ya Mama na kuijaribu. Mjomba alisema kuna mteja anamsubiri, akatuambia tuichaji mapema kwa sababu chaji ilikuwa imebaki kidogo, akaondoka na kipande cha mkate mdomoni.

Nikalifungua boksi. Juu simu, inang'aa. Chini yake karatasi, kipini cha kutolea laini, na waya mweupe uliokunjwa. Kwenye kona palikuwa na shimo la mraba, tupu, ukubwa ule ule wa kichwa cha chaja.

Nilicheka. Nikamwonyesha Mama, naye akacheka huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Akasema huyu mdogo wangu atazeeka lini. Nikaenda kwenye sufuria. Nikaenda kwenye mfuko wa shati, kwenye debe la unga, ndani ya viatu, nyuma ya saa. Hakuna. Basi nikasema si neno, tutumie kichwa cha simu ya zamani. Nikakichomeka ukutani, nikachukua waya mpya, waya ukakataa kuingia. Nikaugeuza upande wa pili. Ncha zote mbili zilikuwa sawa, ndogo, bapa, wala hakuna iliyolingana na tundu la kichwa chetu.

Ndipo nikaamini kwamba Mjomba safari hii amefanya kazi ya kitaalamu: ameficha kichwa na kubadilisha waya juu yake. Alama ya betri ilikuwa imegeuka nyekundu. Mama aliacha kukanyaga cherehani.

"Kamwambie nimecheka, imetosha," akasema. "Akupe hicho kichwa. Leo si siku yake."

Saluni ya Mjomba ni chumba kimoja chenye kioo kirefu, kiti kimoja cha kuzunguka na benchi la wanaosubiri. Ukutani kuna ubao wenye soketi, wateja huchomeka simu zao humo wakingoja zamu. Siku hiyo kwenye kiti alikaa Seremala, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kwenye benchi kulikuwa na baba mmoja mwenye mfuko wa saruji miguuni.

Nikamwambia Mjomba tumechoka kutafuta, cha zamani waya hauingii, Mama anataka kichwa. Akacheka, akainua mikono juu kama mtu anayekaguliwa na askari. Nikampekua kweli. Nilipata kitana na peremende mbili, moja akanipa. Akasema safari hii hakuficha chochote, hata boksi hakuligusa ndani, aliyelifungua ni muuza simu. Akaapa. Lakini hata kiatu kilipokuwa kwenye sufuria aliapa hivyo hivyo, tena akiwa amekishika kifuniko chenyewe.

Ndipo macho yangu yakaangukia ubao wa soketi. Katikati ya vichwa vyeusi vilivyochakaa kulikuwa na kimoja cheupe, kipya, kinang'aa, na waya uliochomekwa ndani yake ulikuwa na ncha ndogo bapa kama wa kwetu.

Sikucheka tena.  Mama ameketi nyumbani anatazama simu ikifa, na huyu ambaye hunywa chai yetu kila asubuhi amekitundika kichwa chetu ukutani kuwafurahisha wateja wake. Nikakivuta, nikakiinua juu ili kila mtu akione.

"Utani ni kuficha," nikasema. "Huku ni kuiba, Mjomba."

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Kwenye kioo nilimwona Mjomba akiniangalia, mkono wake bado uko juu ya kichwa cha Seremala.

"Mwanangu," Seremala akasema taratibu, "hicho ni changu. Nimekinunua juzi. Simu yangu mpya nayo ilikuja bila."

Mtu mwenye akili angekaa kimya hapo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kukimbia na mdomo, na mdomo hauna breki. Nikasema basi chetu atakuwa amekiuza.

Yule baba wa benchi akainuka. Hakusema neno baya. Alikwenda kwenye ubao, akachomoa simu yake, akaitia mfukoni, akabeba mfuko wake wa saruji na kusema atarudi siku nyingine. Mjomba alimfuata kwa macho mpaka alipotoka mlangoni. Kisha akaweka mashine chini, akanishika bega, si kwa nguvu, akasema twende dukani. Seremala hakutaka kupitwa. Alitufuata barabarani na shuka lake shingoni na nusu ya nywele zake, watu wakageuka kumtazama, naye akawapungia mkono.

Mjomba alimwomba muuza simu afungue boksi jingine kama letu, ambalo halijaguswa. Yule kijana alisita, kisha akakata karatasi ya nailoni kwa ukucha na kuinua kifuniko. Simu, karatasi, kipini, waya wenye ncha mbili ndogo, na kwenye kona shimo la mraba, tupu kabisa.

Nilitamani lile shimo linimeze.

Muuza simu alieleza, huku akitabasamu, kwamba siku hizi kampuni nyingi haziweki kichwa. Wanasema kila nyumba tayari inacho. Mjomba akamwambia cha nyumbani kwetu waya hauingii. Akajibu kwamba huo waya unataka vichwa vya kisasa, na vya kisasa anavyo. Kweli alikuwa navyo. Vilining'inia ukutani nyuma ya mgongo wake, safu kwa safu, kama popo.

Mjomba akamuuliza kwa nini hakumwambia asubuhi.

"Hukuuliza, bosi."

Seremala akacheka kicheko kikavu. Akamuuliza muuza simu: kama yeye Seremala angemuuzia mlango, akamwacha aubebe mpaka nyumbani, kumbe bawaba zimetundikwa nyuma yake muda wote, angemwita fundi au angemwita nani? Yule kijana akaanza kupanga vifuniko vya simu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Hapo Seremala aliniambia kile kichwa bado nimekishika mkononi, nisisimame nacho kama mshumaa, nikimbie nacho kwa Mama, simu yake yeye inaweza kungoja. Nilikimbia bila kumtazama Mjomba.

Nilipofika, simu ilikuwa imezimika. Mama ameketi karibu nayo, mikono mapajani, cherehani kimya. Nikachomeka kichwa, nikachomeka waya. Kioo kilibaki cheusi kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha ikatokea alama ya betri, kisha mwanga. Mama aliiwasha na hakuiweka chini. Ilipoita aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Kiongozi wa kwaya akalalamika kwamba amepiga mara ya kwanza bila kumpata, akaanza kutembea kwenda kwa fundi mwingine, ila mguu wake wenye kidonda ukamlazimu kupumzika njiani. Asingekuwa amechoka kutembea, angekwisha kufika huko. Kazi ikawa yetu kwa sababu ya mguu wa mtu.

Mama alicheka kwa furaha, akafuta jasho, ndipo akauliza Mjomba alikuwa amekificha wapi hicho kichwa.

Nikamweleza. Nilijaribu kupunguza, lakini Mama anajua kitambaa kilichokatwa pungufu hata kikiwa kimekunjwa. Akanitoa neno baada ya neno mpaka nikafika kwa yule baba wa benchi aliyechomoa simu yake. Hapo akavuta kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Nikikosea mshono nafumua," akasema. "Kitambaa kinabaki na vitobo kidogo, lakini nashona upya. Wewe umemshonea mjomba wako neno mwizi mgongoni, mbele ya wateja wake. Utalifumua kwa mkasi gani?"

Nikasema nilidhani. Nikasema yeye ndiye aliyetuzoesha kufichwa vitu.

"Ni kweli, ametuzoesha. Na hilo nitamwambia mwenyewe, kwamba mzaha uliozidi humnyima mtu wa kumwamini siku anaposema kweli. Lakini nijibu. Katika vyote alivyoficha, kipi hakukirudisha?"

Nilitafuta. Kiatu kilirudi, betri zilirudi. Hakukuwa na hata kimoja.

"Basi ushahidi ulikuwa nao, mwanangu, tena wa miaka. Ukauacha huo, ukaokota wa dakika moja kwa kuwa uling'aa. Kabla hujampa mtu jina baya, uliza, tena uliza mahali panapostahili. Dukani palikuwa karibu kuliko ulivyodhani."

Alasiri, simu ilipojaa, tulikwenda wote wawili kurudisha kichwa. Seremala alikuwa amekwisha kunyolewa upande wa pili na anajitazama kwenye kioo kama bwana harusi. Akapokea mali yake, akaniambia siku nyingine nikitaka kumzimia simu nimpe taarifa mapema. Nilishukuru kwamba mtu mmoja bado anatania.

Mjomba alikuwa anafagia nywele. Benchi lilikuwa tupu. Mama alimwambia lile la mzaha uliozidi, naye akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, dada. Kisha Mama akanisukuma mbele kwa kidole. Nikaomba msamaha. Nikasema nitakwenda kwa yule baba wa saruji nimwambie kwamba nilikosea, na kesho yake nilikwenda kweli. Mjomba akasema vyema, akaniambia nisogee afagie nilipokuwa nimesimama. Hakuniita Mheshimiwa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetoka salama. Lakini ukimya wake uliniuma, nikataka kugawana lile kosa na mtu mwingine. Nikasema jamani hata mimi nilidanganywa. Kampuni imeweka shimo bila kitu, muuza simu amenyamaza huku vichwa vimemjaa ukutani, na mpaka sasa hajaomba msamaha. Mjomba alimuaga tu muuza simu na kuondoka. Mbona hasira zote ananiwekea mimi?

Mjomba aliegemeza ufagio ukutani.

"Muuza simu hanijui," akasema. "Wewe unanijua."